Kichwa cha Kipyegon

Kipyegon aliacha pombe siku ya Jumapili, na kufikia Jumatano kichwa kilikuwa kimemlaza kitandani. Miaka kumi na sita alikuwa akiyakata maji, na katika miaka hiyo yote mkewe, Chepkemoi, hakuwahi kumsikia akilalamikia kichwa zaidi ya asubuhi moja. Sasa ameacha, ndipo anaugua. Chepkemoi aliliona jambo hilo kuwa dharau, ingawa hakujua ni nani anayemdharau.

Tusimsingizie mtu. Kipyegon hakuwa mlevi wa kupiga watu, alikuwa mlevi wa kuanguka. Walikuwa na shamba dogo la chai upande wa Sotik, na mara nyingi Chepkemoi alichuma peke yake, akabeba kikapu peke yake hadi kituo cha kununulia, kisha akatoka tena kwenda kumwokota mumewe popote alipoangukia. Wanawake wa kanisa walimwombea mpaka wakachoka. Kilichomgeuza ni siku ya wazazi shuleni, mwaka ule wa 1996. Binti yao Chemutai aliitwa mbele kupewa zawadi kwa kuwa wa kwanza darasa la saba, na baba mtu naye akajitokeza kumpongeza, akajikwaa kwenye meza ya walimu, akalala pale pale pamoja na soda zao. Watoto walicheka. Chemutai hakucheka wala hakulia. Alimshika baba yake mkono, akamwinua, akampeleka nyumbani, zawadi ameibana kwapani. Jumapili iliyofuata Kipyegon alisimama kanisani, akala kiapo.

Basi kichwa. Kilianzia kisogoni, kikapanda utosini, kikaja kukaa nyuma ya macho. Wiki ya kwanza mikono ilitetemeka na jasho likamtoka, kisha hayo yakapungua. Kichwa ndicho kilichogoma kuondoka. Kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni, Kipyegon alijishika kichwa kwa mikono miwili. Na mvua ya huko, anayeijua anaijua: saa nane mchana haikosi, na siku nyingine inakuja na mawe. Mabati yalipoanza kupigwa, mwanamume mzima alijifunika blanketi gubigubi na kulia. Chepkemoi alipanda juu ya paa na kutandaza magunia matupu ya mbolea, akayakandamiza kwa mawe. Majirani walimtazama tu. Mvua iliyofuata ilikuja na upepo, ikayapeperusha magunia yote hadi bondeni.

Alijaribu yote. Alimfunga kichwa kwa leso iliyoloweshwa maji baridi. Alimchemshia majani machungu aliyopewa na mama mkwe. Alimpikia chai ya rangi, nzito, mpaka usingizi nao ukamhama. Kwenye kituo cha afya walimpa vidonge vya maumivu, na nesi akamweleza kwa upole kabisa kwamba mwili ulizoea pombe miaka mingi na sasa unaitafuta; itapita.

"Itapita lini, sista?"

"Kila mtu na mwili wake, mama."

Akarudi na hilo, kila mtu na mwili wake, kilomita sita kwa miguu. Mchungaji alikuja akamwekea mgonjwa mikono, akasema hii ni vita. Vita gani hii, mtu anapigwa peke yake na wengine wameshika tama mlangoni? Chepkemoi aliitazama mikono yake mwenyewe, mikono iliyozoea kuchuma kilo arobaini kwa siku, akaona haina kazi yoyote inayoweza kufanya juu ya kichwa cha mtu mmoja. Hilo lilimuuma kuliko magunia, kuliko majirani, kuliko chai iliyokuwa ikikomaa shambani bila kuchumwa.

Wiki ya tano alimkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, anafunga kamba za kiatu.

"Unaenda wapi, Baba Chemutai?"

"Kwa Benard." Benard alikuwa rafiki yake wa chupa. "Glasi moja tu. Hii kichwa itaniua, Mama Chemutai. Nikunywe moja, ilegee, nirudi."

Moja! Huyu hakuwahi kunywa moja tangu aijue pombe. Akimwacha avuke lile lango, basi kiapo kimekwisha, na safari hii hakuna kanisa litakalomsikiliza, wala Chemutai hatamwinua tena. Chepkemoi alijua hivyo, nawe ungejua. Akapiga magoti, akamshika kile kiatu.

"Ngoja mpaka kesho. Nimesikia kuna dawa Chepilat."

Hakuwa amesikia lolote. Lakini Kipyegon alimwamini, akavua kiatu, akalala.

Chepilat ni soko la mpakani, Wakipsigis na Wakisii hukutana hapo kwa ndizi na ng'ombe, na watu wa kanisa lao hawakuwa na shughuli huko siku isiyo ya soko. Nyuma ya maduka alikaa mama mmoja, Kemuma, mpishi wa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Chepkemoi aliingia ameinamisha kichwa, kitambaa kimemshuka hadi kwenye nyusi.

"Ya nani?" Kemuma akamuuliza.

"Ya mgonjwa."

"Wote ni wagonjwa, dada yangu," Kemuma akasema, akamjazia chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi.

Sasa hapa ndipo akili ya mwanamke wa Kikipsigis ilipofanya kazi, na laiti isingefanya. Mursik, maziwa yao ya mgando, hulazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, na ule moshi pamoja na uchachu hufunika kila ladha. Mama zake na nyanya zake waliyatengeneza hivyo ili yasiharibike. Yeye alijaza kikombe, akatia vijiko viwili kutoka kwenye chupa, akakoroga, akaonja. Moshi tu. Hesabu yake ilikuwa hii: apewe kidogo, kidogo kabisa, kichwa kilegee, na yeye asijue, ili kiapo kibaki kizima. Akijua, amekunywa. Asipojua, hajakunywa. Usicheke, mtu aliyekesha wiki tano hufikiri kwa akili iliyobaki.

Kipyegon alikunywa, akapangusa midomo. Saa moja baadaye aliomba ugali.

Mlevi wa miaka kumi na sita, asiijue harufu ya kitu chake? Watu wataulizana hilo mpaka kiama. Hakuijua kwa sababu hakutaka kuijua, basi. Kesho yake alitoka nje bila kufumba macho. Keshokutwa alichukua kikapu. Wiki ilipokwisha alikuwa kwenye mistari ya chai kando ya mkewe, anamtania kwamba vidole vyake vimezeeka, na Chemutai akirudi kutoka shule anamkuta baba yake amekaa nje akisubiri kuona daftari. Chepkemoi alifurahi. Kwa nini asifurahi? Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Baada ya majuma mawili vikawa vitatu, na yeye akarudi Chepilat, kisha akarudi tena.

Jumapili moja mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Kipyegon akasimama, shati limepigwa pasi.

"Ndugu zangu, mlinijua," akasema. "Nilikuwa mtu wa mtaro. Nikaacha, na shetani akanishika kichwa. Lakini Mungu akatumia mikono ya mke wangu. Maziwa tu, ndugu zangu. Maziwa ya nyumbani."

Vigelegele vikapigwa. Wanawake waligeuka kumtazama Chepkemoi, na aliyekuwa karibu naye akamkumbatia. Chemutai, kwenye benchi la watoto, alikuwa anatabasamu meno yote nje. Chepkemoi alitazama viatu vyake. Aliona aibu, na akaapa, naye, bila mtu kumsikia, kwamba leo ndiyo mwisho. Jioni ile alimpa mumewe mursik isiyo na kitu. Chupa aliificha ghalani, chini ya mahindi, kwa sababu mkono ulikataa kuimwaga.

Jumanne kichwa kikarudi. Jumatano kilikuwa kibaya kuliko cha mwanzo, akatapika. Kilichomvunja Chepkemoi hata hivyo si kutapika. Kipyegon aliamka, akajikokota hadi kwa ndugu yake Kipkemoi, waliyekosana naye miaka mitatu kwa ajili ya mpaka wa shamba, akamwomba msamaha. Akarudi, kichwa kipo. Akarudisha jembe la jirani alilokuwa amekaa nalo tangu mwaka jana. Kichwa kipo. Alifunga kula siku mbili. Mtu na akili zake alikuwa anazunguka kijiji kizima akitafuta kosa alilomfanyia Mungu hata akaondolewa uponyaji, na mkewe anamfuata nyuma na leso ya maji baridi.

Ijumaa alasiri alilala, uso ukutani.

"Mungu ameniacha," akasema. "Nimetafuta dhambi yangu, sijaiona. Wewe ndiye unaishi na mimi, Mama Chemutai. Pengine wewe unaiona. Niambie tu, sitakasirika."

Chepkemoi alikaa chini, mgongo kwenye mguu wa kitanda, ili asimtazame. Akamwambia. Chepilat, Kemuma, chupa ya dawa ya kikohozi, vijiko viwili, vijiko vitatu. Alimwambia na ile Jumapili ya ushuhuda, jinsi alivyokaa akapigiwa vigelegele. Hakujitetea. Alisubiri matusi, alisubiri kofi ambalo hakuwahi kupigwa, na kwa kweli alilitamani, maana lingekuwa jambo lenye mwisho.

Kitanda kililia. Kipyegon alikuwa amegeuka.

"Ilikuwa pombe," akasema.

"Ilikuwa pombe."

Chepkemoi akainua uso hatimaye, akamwona anamtazama bila hasira yoyote, macho mekundu, midomo imemkauka.

"Na hiyo chupa," akauliza polepole, "imebaki kitu?"