Mzee Anataka Kunyonya

Kitu cha kwanza nilichopewa kwa daktari wa akili kilikuwa glasi ya maji yenye alama ya rangi ya mdomo wa mtu mwingine. Iliwekwa mbele yangu kwa heshima zote. Niliisukuma kando kwa kidole kimoja, nikasema moyoni kwamba kama hawa ndio wa kunitibu kinyaa, basi nimekwisha.

Nilikuwa nimetoka Malaba, ninakofanya kazi ya kujaza karatasi za mizigo ya malori, nikaja hadi Busia mjini kwa sababu Malaba kila mtu ananijua. Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda ngazi pamoja na wagonjwa. Nilitarajia kochi refu la kulalia, kama la kwenye filamu. Nilikuta viti vya plastiki, na msichana wa mapokezi aliyepaza sauti mbele ya watu wanne: "Dada, ni wewe ule wa mawazo mingi? Keti hapo, daktari anakuita saa hii." Wote wanne wakageuka kuniangalia. Ningekuwa na uwezo ningemziba mdomo kwa fomu aliyonipa.

Fomu yenyewe iliuliza ninalala vipi, ninakula vipi, kama nimewahi kufikiria kujidhuru, na nani mwingine katika ukoo amewahi kuugua akili. Kujaza fomu ndiyo kazi yangu. Niliijaza uongo mtupu, kwa mwandiko safi.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa sweta lililolegea. Aliisoma yote, akaiweka chini.

"Madam, kwa hii karatasi wewe uko mzima kunishinda. Sasa umetoka huko kote kuja kufanya nini?"

Nikamwambia, "Nikinyonyesha mtoto wangu, nataka kutapika."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia niliyokwisha kusikia. Mume wangu alisema ni uchovu. Muuza dawa alinipa kipimo cha mimba huku akitabasamu kipumbavu. Mama mkwe alisema nina moyo mbaya, na kwamba nikishindwa atampeleka mtoto kwake Funyula amlee kwa maziwa ya ng'ombe. Alikwisha kuanza kukunja nguo za mtoto. Mtoto alikuwa na miezi mitatu na alikuwa anakonda. Hilo ndilo lililonipandisha zile ngazi zinazonuka. Lakini daktari hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza tu, "Mtoto anaitwa nani?"

Jibu la swali hilo ndilo lililokuwa ugonjwa wenyewe.

Kwetu, mtoto mchanga akilia bila kukoma husemwa kuna marehemu anayetaka jina. Kina mama wakubwa humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya lingine, na pale anaponyamaza, jina limepatikana. Wangu alinyamazia jina la baba mkwe. Nilikuwepo na niliona kwa macho yangu: alinyamaza kwa sababu alikuwa amechoka kulia. Lakini mama mkwe alipiga vigelegele, na tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakuna mtoto tena, kuna mzee. Mzee ameamka. Mzee amejinyea. Wewe mama, njoo, mzee anataka kunyonya.

Na mzee nilimjua vizuri mno. Kwa desturi, mkaza mwana na baba mkwe hawagusani. Hata kiti chake sikuthubutu kukikalia. Lakini alipopooza, wanawe wote walikuwa na kazi mbali, mama mkwe mgongo ulimsumbua, na desturi ikawekwa kando kimya kimya. Nilimwogesha mimi. Nilimfunga nepi, nikasafisha vidonda vya mgongoni ambavyo harufu yake ilinifuata hadi kazini. Naye alinitemea mate usoni na kuniita malaya, akili zake zikiwa timamu kabisa. Alipokufa nililia matangani kuliko wote, watu wakanisifu. Nilikuwa nalia kwa raha. Sasa wamenirudishia mtu yule yule, wananiambia nimpe ziwa.

Nilimwambia daktari haya yote nikingoja aseme ni ushirikina, ili nimdharau vizuri na niende zangu.

"Hata mimi jina langu lilitafutwa hivyo," akasema. "Na wewe, mkiwa wawili tu, unamwita nani?"

"Simwiti."

Nilipojisikia nikilitamka hilo, kinyaa kikanigeukia mimi mwenyewe. Miezi mitatu mtoto ameishi kifuani mwangu, na sijamwita hata kwa neno moja. Nililia hadi makamasi, nikayafuta kwa fomu yangu ya uongo.

Sikupewa dawa siku hiyo. Aliniambia kuna huzuni inayowapata wanawake baada ya kujifungua, kwamba atanipima vizuri wiki ijayo, na kwamba safari hiyo nijaze fomu kwa ukweli. Ukienda kwa daktari wa akili ukidhani utashuka ngazi umepona, utarudi nyumbani na hasira kama nilivyorudi mimi.

Nilimkuta mama mkwe amekaa mlangoni, mkoba uko tayari, mtoto mapajani.

"Umechelewa. Mzee amelia mpaka sauti imeisha. Sisi tunaenda."

Nilimchukua mtoto mikononi mwake. "Mama, mzee tulimzika. Huyu ni mtoto wangu. Usimwite hivyo tena."

Nilitegemea matusi. Siku zote niliamini alikuwa akilitumia jina hilo kunitesa. Aliikunjua leso yake, akaikunja tena, na aliponena hakuniangalia.

"Kila asubuhi nikimwamkia, huyu ananichekea," akasema. "Ule mwingine nilikaa na yeye maisha yangu yote. Hakuwahi nichekea hata siku moja."

Nilikaa kando yake, nikampa mtoto ziwa. Kichefuchefu kilipanda, nikakimeza, na mtoto akanyonya.