Mkondo wa Asubuhi

Mwani mbichi ukianikwa juani unatoa harufu ya chumvi na ya kitu kinachooza taratibu, harufu inayokaa kwenye nywele mpaka uzioshe mara mbili. Mji Mkongwe, katika duka ninakotengeneza na kuuza sabuni za mwani, harufu hiyo tumeificha kwa karafuu na mchaichai, na wageni wakinusa wanatabasamu. Lakini mimi nikifungua gunia jipya, kabla sijachanganya chochote, nainusa kwanza. Narudi papo hapo kwenye likizo ile nilipokuwa na miaka tisa, kwa shangazi yangu shamba, nilipokaribia kumpoteza mtoto wake kwa sababu ya neno moja.

Sisi ni watu wa Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe. Bahari yangu ilikuwa ya Forodhani, niliyoitazama nikiwa nimeshikwa mkono, mawimbi yakipiga ukuta na kuturushia maji usoni. Kwa hiyo wimbi nililijua na nililiogopa. Mkondo nao nilidhani naujua. Shuleni kwetu watoto walikuwa wengi kuliko madarasa, tukawa tunaingia kwa zamu: mkondo wa asubuhi na mkondo wa mchana. Mimi nilikuwa mkondo wa asubuhi na nikiringa kweli, maana wenzetu wa mchana walikuta madawati yana joto la makalio yetu na chaki imekwisha. Basi mkondo, kwangu mimi, ulikuwa ni watu.

Shangazi yangu, Bi Mwatima, alilima mwani katika kijiji kimoja cha mashariki. Alikuwa mwanamke mrefu, na sauti yake ilifika mbali kuliko macho yake. Binti yake, Mize, alikuwa na miaka mitano, akinifuata kila niendapo na kuniita Dada wa Mjini. Asubuhi ile maji yalikuwa yanapwa. Kinamama walikuwa wamejipanga mstari majini, kanga zimefungwa viunoni, wakisubiri yateremke zaidi wavifikie vijiti vya mwani. Shangazi akatuacha kwenye fungu la mchanga, akasema haraka haraka huku akikusanya kamba zake:

"Mkitaka kukoga, kogeni hapa hapa penye wimbi. Kule mkondoni msende. Umesikia, we mtoto wa mjini?"

"Nimesikia, shangazi."

Mkono wake ulielekea mbele, na mbele niliwaona wenzake, wamejipanga kama sisi kabla ya kuingia darasani. Nikaelewa hivi: wale ndio mkondo wa asubuhi, wako kazini, hawataki watoto miguuni mwao.

Nikawa mtiifu. Nilimshika Mize mkono tukajitenga na kinamama, na kwa kuwa vijiwimbi vya pale funguni vilikuwa vinampiga kifuani, nikamwonea huruma, nikatafuta pahala patulivu. Hapakuwa mbali. Maji yamelala, buluu iliyoiva, hayana hata povu, ungesema ya kwenye beseni. "Mama hakogi hapa," Mize aliniambia. "Mama yako ana kazi," nikamjibu, nikambeba, nikaingia. Yalinifika magotini, kisha ghafla kiunoni, kisha kitu kikanishika miguu, laini, kama mtu anayekuvuta shuka umelala. Nilipogeuka, fungu lilikuwa mbali. Nikatafuta chini kwa vidole vya miguu, sikupata kitu.

Kuogelea nilikuwa nimefundishwa wiki ile ile, na kwenyewe ni kupapatika tu. Nikapapatika kurudi tulikotoka, mkono mmoja umemshika mtoto, na kila nikipiga maji tunazidi kwenda. Hapakuwa na kelele yoyote. Maji yalituchukua kimya kimya, kwa adabu, kuelekea kule mwamba ulipokatika na bahari kubwa inapoanza. Ndipo nikaisikia sauti ya shangazi.

"Wimbini! Usirudi huku, nenda wimbini! Penye povu!"

Kinamama wote wakaipokea: "Wimbini, mwanangu! Wimbini!"

Nilidhani wamerukwa na akili. Pembeni, upande wa kushoto, mawimbi yalikuwa yakivunjika meupe juu ya fungu jingine, na mimi weupe ule ndio niliokuwa nikiukimbia tangu nipate akili. Mize akanikaba shingo. "Dada, twende kwa Mama." Nikafumba macho, nikapiga miguu kuelekea kwenye povu. Wimbi la kwanza likatufunika. La pili likatubeba likatubwaga mchangani, magoti yakanichunika. La tatu lilinikuta nimesimama, na Mize anatapika maji ya chumvi huku akilia. Wallahi, sijasikia kilio kitamu kama kile.

Shangazi alifika kwa kuzunguka, anahema. Nikajua napigwa.

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema tusiende kwenye mkondo. Na hatukwenda! Mkondo si nyinyi?"

Meno yananigongana, nikaeleza habari ya mkondo wa asubuhi na wa mchana. Mmoja wa kinamama waliomfuata akacheka mpaka akakaa majini. "Mwatima, leo tushakuwa wanafunzi!" Shangazi hakucheka. Alitukumbatia sote wawili, akanionesha kwa kidole yale maji yaliyolala. "Wimbi linakuja kwako, na linapiga kelele. Mkondo ni ule, unakwenda zake na hausemi. Kosa langu, mwanangu. Nilikupa neno, sikukuonesha."

Siku hizi shule yetu ile ina ghorofa, na watoto wote wanaingia asubuhi. Juzi nilimuuliza mpwa wangu yuko mkondo gani, akaniuliza mkondo ndio nini. Nikamchukua mpaka ufukweni nikamwonesha. Bahari ya kwa shangazi nayo imebadilika. Mwani haustawi tena kwenye maji mafupi, kinamama wamesogea penye kina, karibu na mkondo ule ule. Shangazi magoti yamechoka, anayekwenda sasa ni Mize. Mimi nina ndoto ya duka langu mwenyewe, na chombo cha kuwapeleka kinamama wangu baharini, kila mmoja na jaketi la kuokolea maisha. Kibao cha duka nimeshakichora. Lakini kwa sasa nina simu tu. Siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali na kurudi kwa nguvu, nakata sabuni kombokombo mpaka Mize anipigie.

"Dada wa Mjini," hunitania, "mkondo wa asubuhi umetoka salama."

Simjibu upesi. Nasikiliza kwanza nyuma ya sauti yake, mpaka nilisikie wimbi.