Kitambaa Chekundu Mlangoni

Shangazi, fundi cherehani, alimpa mpwa wake chumba cha nyuma awe anarekodi nyimbo zake mwenyewe. Kuta alizifunika magodoro mabovu. Kila aliyekuja kupimwa suruali alisikilizishwa wimbo kwanza, atake asitake.

"Mnangoja aimbe redioni ndiyo mseme mnamjua?" alifoka. "Mjueni leo!"

Sharti lilikuwa moja. Kitambaa chekundu kikitundikwa mlangoni, anarekodi, cherehani inyamaze.

Asubuhi moja mpwa alitoka na hedifoni, amenuna. "Shangazi, jana nilitundika kitambaa, nawe ukashona. Umeniharibia wimbo."

"Mimi? Jana nilikaa nakunywa chai kama mgeni, nisikusumbue!"

Akavaa hedifoni. Nyuma ya sauti ya mpwa wake, cherehani ilikuwa inakwenda: mikanyago mitatu ya haraka, kisha kimya, mitatu tena, kisha kimya. Aliyekanyaga hivyo alikuwa mmoja tu, marehemu mama yake, kwa sababu ya mguu wake mbovu. Cherehani yake bado ilikuwa pembeni, haina hata mkanda wa kuizungusha.

"Basi niufute, nirekodi upya?" mpwa aliuliza.

"Thubutu! Ngoja."

Hakuvua hedifoni. Aliigeukia ile cherehani ya pembeni, mkono kiunoni, akasema kwa ukali uliotetemeka, "Mama, mjukuu wako anarekodi. Huoni kitambaa?"

Kwenye wimbo wa jana, cherehani ikanyamaza.