Kiti cha Baiskeli ya Kamiel

Kamiel Vantomme aliajiriwa kwa urefu wa miguu yake. Bosi wa timu ya mbio za baiskeli alimsimamisha ukutani, akampima kwa futi ya fundi cherehani toka unyayo hadi kinenani, kisha akacheka.

"Bwana we, unalingana na Arsen! Umepungukiwa upana wa kidole tu. Kidole si kitu, utavumilia."

Arsen Hoorelbeke ndiye aliyekuwa nyota wa timu, na kwenye barabara za mawe za Flandria nyota hasubiri gari la fundi. Njia ni nyembamba, tope huku na huku, magari yamekwama huko nyuma. Akipata pancha, mbeba maji wake, yaani mwendeshaji aliyeajiriwa kumtumikia njiani, hushuka na kumpa baiskeli yake. Kwa hiyo kiti cha Kamiel kilifungwa kwa kipimo cha Arsen. Msimu baada ya msimu Kamiel alitetemeshwa na mawe yale huku akinyoosha mguu kutafuta pedali, kama mtoto aliyepanda baiskeli ya baba yake. Goti la kulia likaanza kumuuma wakati wa mbio, halafu baada ya mbio, mwishowe hata kitandani.

"Mimi nimeolewa na stendi ya baiskeli," mkewe Godelieve aliwaambia wanawake buchani, nao wakacheka mpaka machozi. Nyumbani alimsugua goti kwa mafuta ya kafuri na hakucheka.

Mwaka ule bosi alimwita. "Hizi ndizo mbio zako za mwisho, Kamiel. Goti hilo halitufai tena." Goti walilolimaliza wenyewe! Hata aibu hawakuona.

Mbio hizo za mwisho zilipita kijijini kwao, mlangoni kwake hasa, pale mlima wa mawe unapoanzia. Majirani walikuwa wameandika KAMIEL barabarani kwa chokaa. Naye alitaka kitu kimoja tu maishani: apite pale akiwa mbele, aitwe kwa jina lake.

Asubuhi, ghalani, akachukua spana akakishusha kiti upana wa kidole.

"Na Arsen akipata pancha?" Godelieve akamuuliza.

"Ana wabeba maji wengine. Leo nipo kwa ajili yangu."

"Wewe?" Godelieve akamtazama kwa huruma. "Haya, baba. Mungu akusaidie."

Mvua ilinyesha. Wengine walianguka, wengine walilia waziwazi kwa baridi, lakini Kamiel alihisi goti limenyamaza. Alikuwa hajui kumbe ana miguu mizuri namna ile. Walipokaribia kijijini walibaki watano tu mbele, Arsen akiwa miongoni mwao, na Kamiel ndiye aliyewaongoza. Akaliona paa la nyumba yake. Akasikia watu wakipiga kelele, "Kamiel! Kamiel!" Moyo ukamjaa, akakanyaga pedali kwa nguvu zote.

Ndipo nyuma yake tairi la Arsen likapasuka.

"Kamiel! Shuka!"

Angeweza kujifanya hakusikia. Kelele zilikuwa nyingi, nani angemlaumu? Lakini mguu ulikuwa umeshatoka kwenye pedali kabla hajafikiri lolote. Akashuka, akasimama juu ya jina lake mwenyewe, na wale watatu wakampita. Arsen akampokonya baiskeli.

"Arsen, ngoja, kiti kime—"

"Funga domo, mjinga! Sukuma!"

Akamsukuma. Akamsukuma vizuri sana, kama siku zote. Arsen akaupanda mlima magoti yakimgonga kifuani, akitukana, na kwenye mstari wa mwisho akawa wa nne.

"Mtumishi wangu mwenyewe kanimaliza," akawaambia waandishi wa habari. "Kakishusha kiti makusudi."

Jioni fundi alifika, akaitupa baiskeli getini kwa Kamiel, akaondoka bila kuzima gari. Majirani wale wale wa chokaa wakatoka na mafagio na ndoo za maji, wakalisugua jina mpaka likatoka. Walisugua kwa bidii kuliko walivyoandika.

Godelieve alimkuta ghalani, spana mkononi, anakipandisha kiti.

"Unafanya nini tena? Mbio zimekwisha, Kamiel."

"Nakirudisha mahali pake."

"Mahali pa nani?"

Kamiel akapima kwa kidole, akakaza nati.

Siku hizi anaiendesha kwenda kazini kwenye kiwanda cha matofali, kiti kikiwa juu vile vile, akichechemea hata akiwa ameketi. Wanywaji bia wa kilabu kilicho mkabala na kanisa wanamngojea. Akikaribia, mmoja anaweka glasi mezani na kupaza sauti, "Kamiel! Shuka!"

Wanacheka kabla hajafika, kwa kuwa wanajua kitakachotokea. Naye anajua. Usiku kucha anaapa kwamba kesho hatashuka, na kesho yake, kabla hajajizuia, mguu unatoka kwenye pedali na anashuka.