Ng'ombe wa Ijumaa

Mdosi wangu aliniambia niandike maelezo mafupi. Kazi yangu siku hizi ni hiyo, hapa Nakuru, orofa ya tatu juu ya duka la dawa za mifugo: naandika maelezo ya vifaa vya kompyuta. Kifaa cha wiki hiyo kilikuwa cha mawakala wa AI, zile programu zinazofanya kazi bila mtu kuzisimamia. Wakala anasoma logi, yaani lile daftari ambalo kompyuta hujiandikia yenyewe, halafu anasema kama nakala ya akiba ya mteja imehifadhiwa au la. Ajabu ni kwamba maelezo hayo hayasomwi sana na binadamu. Anayasoma wakala mwenyewe, ndipo ajue la kufanya.

"Andika tu kifaa kinafanya nini, basi," mdosi akasema. "Si hadithi."

Haya. Nikampa wakala logi ya kujaribia, niliyoitoa kichwani: faili moja, makosa sifuri, imekamilika. Akajibu mara moja kwamba nakala iko salama. Woi! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mstari huo niliwahi kuusoma kule Molo, neno kwa neno, na hakukuwa na usalama wowote.

Molo nilifanya kazi katika chama cha wafugaji wa maziwa. Tulikuwa wawili ofisini, mimi na mama mmoja mkubwa kwangu ambaye nilimwita Madam. Baridi ya pale, wacha tu. Tulichapa tukiwa na glavu zilizokatwa vidole, na thermos ya chai haikutoka mezani. Tulitunza rekodi za ng'ombe: mama yake nani, alipandishwa kwa mbegu ya dume gani, alizaa lini. Mkulima akizikosa anaweza kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya babake mwenyewe, ndama watoke dhaifu.

Kila Ijumaa nakala iliingia kwenye diski ndogo, na Madam aliibeba nyumbani ndani ya kiondo, imeviringishwa kwa sweta, ili ofisi ikiungua diski ipone. Lakini kabla ya kiondo alikuwa na desturi yake. Aliichomeka diski kwenye ile kompyuta kuukuu ya mapokezi, akaniambia, "Nitajie ng'ombe." Nilitaja yeyote aliyenijia. Alimtafuta, akamsoma kwa sauti, mama, baba, ndama, na kama ni mkorofi wa kukamuliwa alisema pia. "Huyu yuko," angesema, ndipo azime. Tulimwita ng'ombe wa Ijumaa. Mimi nilikuwa nanung'unika, nataka kwenda nyumbani. Sasa naitamani ile sauti yake, na harufu ya sweta iliyolowa mvua.

Ni mimi niliyemwachisha. Nilipata programu inayonakili yenyewe na kuandika logi, nikamwambia, kwa ule ujuaji wa mtu aliyetoka kozi juzi, "Madam, hii mashine inajisemea. Ng'ombe wa nini tena?" Akacheka, akakubali. Kisha siku moja, yeye akiwa mazishini, niliona skrini imejaa takataka nikaipanga. Folda ya ng'ombe nikaihamishia kwingine, nikaacha njia ya mkato tu, ile picha ndogo yenye kishale inayoonyesha folda iliko. Ukiibonyeza, ng'ombe wote hawa hapa. Nikasahau. Programu ikaendelea kila Ijumaa kufuta nakala ya zamani na kuweka kile ilichokuta pale, yaani ile picha ya kishale. Faili moja, makosa sifuri, imekamilika.

Mvua ilipoanza, radi ilipiga, kompyuta ikafa kabisa. Tulipofungua diski tulipata kile kishale, na nyuma yake hakuna kitu. Nilijua papo hapo kwamba ni mimi. Nikanyamaza.

Kamati ikaketi. Wakati huo Madam ndiye aliyetarajiwa kuwa meneja. Hata kitenge cha siku ya kutangazwa alikuwa ameshampelekea fundi. Mwenyekiti akauliza nani ameharibu. Madam akanitazama kidogo, akasema, "Ofisi ni yangu. Kosa ni langu." Umeneja akapewa mwingine. Wiki kadhaa tulizunguka kwenye matope, boma kwa boma, tukinakili kadi zilizotundikwa zizini, zingine zimetafunwa na panya, na hakunilaumu hata siku moja. Nilijua ananisitiri, nikampenda kwa hilo sana. Baadaye aliacha kazi, akarudi kwa viazi vyake.

Basi nikaandika. Nilimwambia wakala asiamini neno "imekamilika". Alinganishe ukubwa wa nakala ya leo na ya wiki iliyopita. Achague faili moja, alifungue kwenye mashine nyingine, asome kilichomo. Akishindwa, asiseme salama. Mdosi aliguna lakini hakufuta.

Kisha nikampigia Madam simu. Nilitaka ajue ng'ombe wake wa Ijumaa amerudi, safari hii ndani ya AI.

"AI?" akauliza. "Ile ya kupandisha ng'ombe kwa mrija?"

"Hapana, Madam. Ya kompyuta."

"Haya, afadhali." Akacheka kile kicheko chake. Nikapata moyo, nikamshukuru kwa lile jambo la miaka yote, kwamba alinisitiri mbele ya kamati ilhali ni mimi niliyehamisha folda, siku ile ya mazishi.

Nilisikia kuku wake, na mvua ikianza kwenye mabati.

"Ni wewe?"

"Ndio, Madam. Si ulijua?"

"Ningejuaje? Logi haikuandika mtu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani ni mimi. Nilidhani nimezeeka, nabonyeza vitu bila kujua. Ndiyo maana niliacha kazi. Mpaka leo nakaa na kabambe tu, hiki kisimu cha vitufe. Ile simu kubwa niliyonunuliwa na watoto iko kabatini."

Nililia pale pale ofisini, watu wakiniangalia. Nikasema pole, nikarudia, na pole yenyewe niliiona ndogo.

"Sijui nikuchape ama nikuache," akasema mwishowe. "Kuja Jumamosi. Beba hiyo kompyuta yako. Wewe utataja ng'ombe, mimi ndiye nitabonyeza."