Mzaramo wa Kukaa Penye Sinia

Rafiki yangu alipoacha ukuli bandarini na kufungua hoteli ya chai Kariakoo, mtu wa kwanza kutakiwa naye kazini nilikuwa mimi. Nilikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Uzunguni. Nilivaa kanzu nyeupe na kuoka mkate laini, ambao memsabu, mke wa mzungu, aliwasifia wageni wake kana kwamba ameukanda yeye. Nilijiona mtu wa maana sana.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, tulikuwa watani. Kwa desturi yetu aliweza kunitukana mbele ya wakwe zangu, nami niliweza kumvua kofia nikaondoka nayo, na atakayenuna ndiye mwenye makosa. Basi alikuja barazani kwangu akatangaza mbele ya majirani kwamba Wazaramo hawajui ila kulala na kucheza ngoma, lakini yeye ana huruma, anataka kumfundisha mmoja wao kazi. Nikamjibu kwamba afadhali nimwogeshe mbwa wa mzungu kuliko kumiminia watu chai ya kuli. Baraza zima likacheka. Kisha akaniinamia sikioni, akasema hatanii: niache kazi, nije, faida tutagawana.

Kichwa kikavimba. Nikaanza kuwaona watu wakitoka Ilala kufuata mkate wangu. Mke wangu aliuliza swali moja tu, kwamba mtani akinikosea nitamkasirikia kwa ruhusa ya nani. Nikamwambia hajui biashara. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuza hata kitunguu.

Jumapili, wazungu walipokwenda klabu yao, nikaenda kuiona hoteli. Mabenchi mapya, birika linachemka, na mlangoni sinia kubwa la maandazi. Sikuwa nimeketi vizuri walipoingia Wazaramo wawili wa mtaani kwetu. Wakamtukana mwenye hoteli tusi moja zuri, kila mmoja akachota maandazi kwa mikono miwili, wakatoka. Akaja bibi mmoja, akajaza upindo wa kanga, akasema hiyo ndiyo kodi ya Wanyamwezi kukanyaga ardhi ya pwani. Mwenye mali alicheka, maana ilimlazimu kucheka, ila macho yaliyafuata maandazi mpaka barabarani. Katika biashara zote za dunia, bwana huyu alikuwa amechagua kuuza chakula katikati ya watani wake. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Nilipotulia nikamwuliza jiko liko wapi, nilikague. Hakunionyesha jiko. Alinionyesha kigoda kilichokuwa kando ya sinia.

"Kupika anapika mke wangu," alisema. "Wewe kaa hapa tu. Wewe hawatakupokonya, ni ndugu yao. Kwako itakuwa wizi."

Kumbe hakuutaka mkate wangu wala mikono yangu. Alitaka Mzaramo, Mzaramo yeyote, wa kukaa penye sinia kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia memsabu, na memsabu aliwahi kunitupia sahani.

Nikamwambia sitaki. Akacheka. Nikarudia. Akacheka zaidi, akawaita wa mabenchini waje wamwone mpishi wa mzungu anavyoringa, akasema kesho asubuhi nije na kanzu yangu, nisilale kama wenzangu. Hapo nikamwita kwa jina alilopewa na baba yake, ambalo sikuwahi kulitumia tangu tujuane.

"Sifanyi utani," nikasema. "Kazi yako siitaki."

Hakuna aliyejua aangalie wapi, na mimi nikatoka.

Hoteli ililiwa ikaisha. Ililiwa na jamaa zangu, kwa vicheko na kwa haki zote za utani, na yeye akarudi bandarini kubeba magunia. Mimi nilibaki kwa mzungu wangu na mkate wangu, na nilisema wazi kwamba nilifanya jambo la akili. Bado nasema hivyo.

Siku moja nikamwona anakuja karibu na soko. Nikafurahi kweli, maana nilikuwa nimeyakosa matusi yake. Nikawahi kumtupia langu, tena kwa sauti, juu ya miguu ya Wanyamwezi na mizigo. Alisimama. Akaweka mkono kifuani, akanijulia hali, akauliza hali ya mke wangu na ya watoto, kwa adabu kamili, kama mtu anayezungumza na karani wa serikali. Kisha akaniomba njia apite.