Tundu la Jeti

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya pikipiki pale Magongo, nilikuwa mtu mzima aliyepunguzwa kazi kiwandani, nina cheti changu cha kidato cha nne na kiburi chake. Fundi mkuu hakukitazama. Alifungua kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, akatoa kipande cha shaba kidogo kama punje ya mchele, akanitilia kiganjani.

"Chungulia juu kwa hapo. Waona nini?"

"Naona mbingu, fundi."

"Hiyo ndiyo jeti. Pikipiki ikikimbia, petroli yake yapita kwenye kitundu hicho. Ukikichezea, wachezea moto."

Nilistaajabu, na mpaka leo sijaacha. Alinifundisha kwamba pikipiki inayokula mafuta huanza kukaguliwa mbali na jeti: upepo wa magurudumu, mnyororo, breki inayokwaruza, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Kisha sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, huongezwa jino moja, injini izunguke polepole kwa mwendo uleule. Kutia jeti yenye tundu dogo zaidi huja mwisho, na ina sharti: panda mlima na mzigo, zima injini papo hapo, fungua plagi, ile inayotoa cheche, soma rangi ya ncha yake. Ikiwa kama chai ya maziwa, moto uko sawa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini yakosa petroli na inajiunguza. Moto ambao hakuna jicho lililowahi kuuona, nao unatuachia habari zake kwenye ncha ya plagi!

Baadaye nilifungua banda langu Likoni. Akaja Katana, bodaboda wa mtaa wa Shika Adabu, binti yake akikaribia mtihani wa kumaliza shule.

"Shikamoo mzee. Nataka hii pikipiki inuse petroli tu, isinywe. Nimpeleke mtoto kwenye mtihani, nimrudishe, na bado nibaki na mafuta ya kubebea abiria."

Nikamtilia jeti ndogo. Ili kupima, tukafunga chupa ya soda yenye petroli ubavuni, akaenda nayo barabara tambarare mpaka ikakauka. Alifika mbali hata wenzake wa steji wakapiga kelele: "Huyu mzee ni jini, wallahi!" Sifa zikanilevya. Mlima hatukupanda. Plagi sikuifungua.

Asubuhi ya mtihani wa kwanza, injini ilikufa mlimani, baba na binti wakiwa juu yake. Msichana alivua viatu akakimbia. Aliingia mlango ukikaribia kufungwa.

Katana akaisukuma pikipiki hadi bandani.

"Haya mzee, imenusa. Imenusa mpaka ikakata roho. Na mwanangu angefungiwa nje, ungenambia nini?"

Nikafungua injini. Pistoni, ile inayopanda na kushuka chini ya moto, ilikuwa imetoboka katikati, imeyeyuka kama nta. Nikaiinua juu, nikaona mbingu.

Nilimtilia pistoni mpya na jeti yake ya zamani, tukapanda mlima ule mimi nikiwa ndiye mzigo. Plagi ikatoka rangi ya chai. Kesho yake akampeleka binti kwenye mtihani wa pili.

Sasa macho yamechoka, banda nimefunga. Vijana bado huja barazani kwangu kutaka siri ya kupunguza mafuta. Huwapa kwanza ile pistoni iliyotoboka, nawaambia wachungulie juu. Wakiniuliza tundu kubwa namna hii lilitobolewa na nini, nawatilia ile jeti ndogo kiganjani.